Samaki mdogo wa mfereji na safari ndefu ya jina lake

Masika yakishakolea na mifereji ya mashamba ikajaa, watoto hushuka na beseni na kipande cha chandarua kuukuu. Perege na kambale ni bahati, hao hawategemewi. Wanaochotwa kila siku ni samaki wadogo wenye rangi ya fedha, urefu wa kidole, wanaorukaruka kwenye beseni kama mvua juu ya bati. Nimechota wengi wa namna hiyo utotoni, na kwa miaka mingi niliamini kwamba wote ni kitu kimoja: samaki wadogo, basi. Siku hizi naamini kwamba hakuna samaki wa Afrika waliodhulumiwa na neno “wadogo” kuliko hawa.

Chukua mmoja, mtie kwenye chupa ya kioo yenye maji safi, kisha inyanyue kwenye mwanga. Pembeni mwa mdomo utaona vijisharubu laini, mara nyingi jozi mbili, ambavyo samaki huvitumia kupapasa na kuonja tope. Ukiona doa la rangi ya chungwa linalong’aa kwenye kifuniko cha mashavu, huenda umempata Enteromius kerstenii, anayepatikana katika mito na maziwa mengi ya Afrika Mashariki. Mchukue mwingine kutoka beseni lile lile. Huyu hana doa, ana rangi ya fedha iliyofifia, lakini mwiba wa pezi lake la mgongoni umechongoka meno madogo kama msumeno upande wa nyuma. Huyo ni Enteromius paludinosus, na jina lake la pili kwa Kilatini linamaanisha mkazi wa kinamasi. Wa tatu anaweza kuwa na madoa matatu meusi ubavuni, yamepangwa kutoka mbele hadi kwenye mkia: Enteromius trimaculatus, yaani mwenye madoa matatu. Beseni moja, mfereji mmoja, na tayari tuna watu watatu tofauti.

Wote hawana jino hata moja kwenye taya. Meno yao yako kooni, na tumbo hawana: chakula kikishasagwa huingia moja kwa moja kwenye utumbo. Nyuma ya kichwa wana mnyororo wa vijifupa vinavyopokea mtikisiko kutoka kwenye kibofu cha hewa na kuupeleka sikioni, ndiyo maana husikia vizuri kuliko samaki wengi. Sifa hizo wanazo pia ndugu zao wakubwa wa familia ya Cyprinidae, kama ningu wa Ziwa Victoria. Wajaluo huwaita wadogo hawa adel. Malawi, wakishakaushwa juani, huitwa matemba. Sisi wa Kiswahili tunalo neno kuyu kwa samaki wa jamii hii, ingawa wengi hulitumia kwa wale wakubwa wanaotosha kitoweo cha nyumba nzima. Wanasayansi huwaita barbu wadogo wa Afrika, na spishi zake zilizokwisha kupewa majina zimepita 200.

Sasa, mtu akifungua kitabu cha samaki kilichochapishwa miaka ya 1990, hatamkuta Enteromius hata mmoja wa hao watatu. Atamkuta Barbus kerstenii, Barbus paludinosus, Barbus trimaculatus. Akifungua orodha ya leo, Barbus wa Afrika Mashariki wametoweka wote kana kwamba kuna tauni iliyopita. Hakuna aliyekufa. Waliobadilika ni majina, na sababu ya kubadilika kwake ni kisa kinachostahili kufuatwa polepole, maana ndani yake kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya: samaki anafananaje, ametoka kwa nani, na sheria zinasema aitweje.

Jina Barbus ni la Ulaya. Georges Cuvier, mtaalamu wa wanyama wa Ufaransa, alilitumia katika miaka ya 1810 kwa samaki wenye sharubu wa mito ya kwao, na neno lenyewe kwa Kilatini linahusu ndevu. Baadaye Wazungu walipoanza kukusanya samaki wa Afrika, kila aliyekuwa na sharubu mbili au nne na mapezi ya umbo lile aliingizwa mle mle. Wilhelm Peters, Mjerumani aliyekaa Msumbiji katika miaka ya 1840, ndiye aliyempa jina yule wa kinamasi na yule wa madoa matatu mwaka 1852. Mwaka 1868 alimtaja kerstenii, kwa heshima ya Otto Kersten, ambaye mwaka 1862 alipanda Kilimanjaro pamoja na Baron von der Decken mpaka kiasi cha mita 4,300 hivi kabla ya kurudi nyuma. Mwaka huo huo wa 1868 Peters alitoa jina la zanzibaricus pia, kwa hiyo yupo barbu mdogo anayebeba jina la Zanzibar mpaka leo.

Aliyelijaza kwelikweli gunia hili la Barbus ni George Albert Boulenger wa Makumbusho ya Uingereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 alipokea chupa za samaki kutoka kila pembe ya bara, akaziandika moja baada ya nyingine, na orodha yake kubwa ya samaki wa maji baridi wa Afrika ilitoka kwa mabuku kati ya 1909 na 1916. Mamia ya samaki, kuanzia wenye urefu wa sentimita nne hadi majitu ya karibu mita moja, walilala ndani ya jenasi moja, yaani kundi la spishi za karibu zinazoshiriki jina la kwanza. Simlaumu. Alikuwa na samaki waliokufa, waliopauka kwenye pombe, bila rangi, bila mto, bila vinasaba. Sharubu na magamba ndivyo vilivyokuwa vimebaki.

Gunia lilikaa hivyo kwa miaka mingi, mpaka watu walipoanza kuhesabu kromosomu.

Hapa ndipo jambo linaponoga. Kromosomu ni vile vifurushi vya vinasaba vilivyomo ndani ya kila seli. Binadamu ana 46, seti mbili za 23, moja ya baba na moja ya mama. Barbu mdogo wa mfereji wetu naye ana seti mbili, kromosomu zipatazo 50. Barbu wa Ulaya, yule mwenye jina la Barbus kwa haki yake, ana 100: seti nne. Na wale wakubwa wa Afrika, kama fuani wa Ziwa Victoria ambaye Waganda humwita kisinja, wana kromosomu zipatazo 150, seti sita. Mbili, nne, sita.

Seti haziongezeki kwa kula vizuri. Huongezeka pale ambapo, zamani sana, kizazi kimoja kilirudufisha vinasaba vyake vyote kwa mkupuo, mara nyingi baada ya spishi mbili kuzaliana. Likishatokea, ukoo huo umeshika njia yake; mwenye seti sita hazai na mwenye seti mbili watoto wenye uzazi wa kawaida. Kwa hiyo hesabu ya kromosomu ilionyesha kitu ambacho jicho halikukiona: mle ndani ya gunia la Barbus kulikuwa na koo tatu zilizotengana kwa mamilioni ya miaka, zinazofanana sura kwa sababu maisha ya kupapasa tope mtoni huwapa samaki sharubu bila kujali babu yao ni nani.

Wakubwa wa seti sita walipata makazi yao mapema, wakaitwa Labeobarbus. Baadhi ya wale wa seti nne wa kusini mwa Afrika wana jina la Pseudobarbus, na mwaka 2018 Paul Skelton na wenzake waliwapa wengine majenasi mapya. Wadogo wa seti mbili, ambao ndio wengi kupita wote, walibaki bila nyumba. Kila mtu alijua kwamba si Barbus. Hakuna aliyekuwa tayari kusema ni nani.

Mwaka 1996 Patrick Berrebi, Maurice Kottelat, Skelton na Petr Ráb walipendekeza suluhisho la muda ambalo mimi naliona la kiungwana: endeleeni kuandika Barbus, lakini kwa wadogo wa Afrika litieni alama za nukuu. ‘Barbus’ kerstenii. Alama zile mbili zilikuwa na maana ya “tunajua si kweli, tuvumilieni”. Kwa karibu miaka 20 makala za kisayansi zilijaa alama hizo. 

Huko Asia mvutano kama huo ulikuwa unaendelea na jenasi Puntius, ambayo Francis Hamilton aliianzisha mwaka 1822 kutokana na neno la Kibengali, punti, lenye maana ya samaki wadogo wa namna hiyo hiyo. Wapo waliotaka kuwatia barbu wetu humo. Lakini mwaka 2012 Rohan Pethiyagoda na wenzake wa Sri Lanka waliipasua Puntius yenyewe, wakatoa majenasi kama Pethia na Dawkinsia. Nyumba ya kuazima ikabomolewa kabla mgeni hajaingia.

Ndipo mwaka 2015 Lei Yang na wenzake walipochapisha mti mkubwa wa ukoo uliotokana na vinasaba vya samaki wa kundi hili kutoka Afrika, Asia na Ulaya. Katika mti ule, barbu wadogo wa Afrika walisimama kwenye tawi lao, mbali na Barbus wa Ulaya. Wakasema: hawa wapewe jina lao. Jina gani? Sheria ya kimataifa ya majina ya wanyama haimruhusu mtu kubuni jipya kama lipo la zamani lililotolewa kihalali kwa mmoja wa wanaukoo. Unatafuta la kale kuliko yote, ndilo linaloshinda. Kulikuwa na Hemigrammopuntius la mwaka 1923. Kulikuwa na Beirabarbus la mwaka 1936. Lakini nyuma yao wote, mwaka 1867, Edward Drinker Cope wa Marekani, anayejulikana zaidi kwa mifupa ya dinosauri, alikuwa amempa samaki mmoja mdogo wa Afrika jina Enteromius potamogalis. Jina hilo halikuwa na mfuasi kwa karibu karne moja na nusu. Kwa sheria ya mkubwa kutangulia, likaamka na kuchukua watoto 200.

Si wote waliopiga makofi. Ray Schmidt na Henry Bart waliandika jibu mwaka huo huo wakisema haraka ya nini. Hoja yao ilikuwa hii: majina hayapaswi kubadilishwa juu ya mti ambao baadhi ya matawi yake bado hayajasimama imara, kwani mti ukibadilika kesho, majina mamia yatabadilishwa tena, na watu wa uvuvi, makumbusho na uhifadhi watachanganyikiwa mara mbili.

Ili kuuelewa wasiwasi wao, tufikirie ukoo wa nyumbani. Ukisema “ukoo wa Mzee Fulani”, unawahesabu wote waliotoka kwake. Huwezi kumtoa mjukuu mmoja kwa sababu amekuwa mfupi, au kwa sababu amehamia mbali na kubadilisha mavazi. Jenasi nayo leo hudaiwa iwe hivyo: babu mmoja na wazao wake wote, bila kumwacha mtu nje. Sasa wapo samaki wa Congo na magharibi ya Afrika wanaoitwa Clypeobarbus, wenye mstari wa magamba marefu yaliyosimama ubavuni kama ngao. Kwa macho ni tofauti kabisa. Lakini vinasaba vimeonyesha kwamba wamechipuka ndani ya tawi la Enteromius. Ni mjukuu aliyebadilisha mavazi. Basi ama umrudishe ndani ya ukoo na kulifuta jina lake, ama uupasue ukoo mzima vipande vipande ili yeye apate haki ya kujitenga. Njia zote mbili zina gharama, na watafiti bado wanavutana.

Mimi nimekubali kuandika Enteromius, na naona waandishi wa Kiswahili nao wafanye hivyo. Jina ni pana kupita kiasi, hilo ni kweli. Lakini upana wake ni wa ndani ya nyumba: unawaweka pamoja walio ndugu kweli. Barbus lilikuwa kosa la aina nyingine kabisa, lilimpa mtoto wa Pangani ubini wa mto Rhine.

Jambo moja la kumtuliza msomaji: jina la pili la spishi halikuguswa. Kwa Kilatini jina la pili, likiwa kivumishi, hukubaliana na la kwanza kama vivumishi vyetu vinavyofuata ngeli. Barbus na Enteromius yote mawili yako katika jinsia ya kiume, kwa hiyo paludinosus akabaki paludinosus. Kilichoongezeka ni mabano. Ukiona imeandikwa Enteromius kerstenii na mbele yake jina la Peters na mwaka 1868 ndani ya mabano, mabano yale yanakwambia kwamba Peters alimpa samaki huyu jina lakini alimweka kwenye jenasi nyingine. Bila mabano ingekuwa na maana kwamba yupo pale pale alipowekwa siku ya kwanza. Alama ndogo, na ndani yake kuna historia yote niliyoisimulia.

Mpaka hapa tumezungumzia jina la kwanza. Fundo gumu zaidi liko kwenye la pili.

Samaki wa maji baridi hawezi kuvuka bahari, wala hatembei nchi kavu. Mto ndio nchi yake. Mito inayoingia Ziwa Victoria huishia Nile na hatimaye Mediterania. Athi na Tana humwaga Bahari ya Hindi. Na kati yao kuna Bonde la Ufa lenye maziwa yasiyo na mlango wa kutokea. Samaki waliokuwa ndugu kabla ya ardhi kupasuka na kuinuka wamekaa kila mmoja kwenye beseni lake kwa muda mrefu mno. Je, inawezekana wote wabaki spishi moja? Wataalamu wengi walidhani hivyo mara nyingi, kwa kuwa barbu wadogo hufanana sana. Mwanasayansi mwenye samaki wa Ziwa Victoria mkono mmoja na wa Kilimanjaro mkono wa pili alihesabu magamba, akaona tofauti ndogo, akawapa jina moja.

Mfano ninaoupenda ni wa Amboseli. Mwaka 1911 Boulenger alimwelezea barbu mdogo wa Ziwa Victoria mwenye mapezi mekundu mekundu, akamwita apleurogramma, yaani asiye na mstari wa ubavuni, kwa sababu ile alama ya vitobo vya hisia inayopita ubavuni mwa samaki wengi kwake haikamiliki. Mwaka 1980 Keith Banister alimwelezea wa vinamasi vya Amboseli kama spishi mbali, akampa jina la mahali pake: amboseli. Wengine walimwona ni yule yule wa Victoria, jina lake likafunikwa. Mwaka 2018 Schmidt, Bart na Dorothy Wanja Nyingi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya waliwaweka tena mezani, safari hii kwa vipimo vya mwili pamoja na vinasaba, wakahitimisha kwamba Banister alikuwa amesema kweli. Enteromius amboseli akarudishiwa jina lake. Kwa miaka mingi samaki huyo aliishi chini ya mlima, mbele ya magari ya watalii wanaotazama tembo, akihesabiwa kuwa ni mtu mwingine.

Watatu hao hao, mwaka uliotangulia, walikuwa wamechapisha utafiti wa barbu wa Kenya kwa jumla. Walikuta majina kadhaa tuliyoyazoea yanafunika zaidi ya ukoo mmoja. Wakakuta na kitu kingine kinachostahili kuelezwa vizuri, kwa kuwa kinawapotosha hata wataalamu.

Vinasaba vingi hukaa kwenye kiini cha seli na hutoka kwa wazazi wote wawili. Vichache hukaa kwenye mitokondria, zile mashine za nishati za seli, na hivyo hupita kwa mama peke yake. Kwa sababu ni rahisi kuvisoma, maabara nyingi hutumia kipande cha vinasaba vya mitokondria kama namba ya kitambulisho: soma kipande, linganisha na orodha, toa jina. Sasa fikiria zamani jike wa spishi A amezaa na dume wa spishi B mtoni wakati wa mafuriko. Mabinti wao wakazaa na madume wa B, na wajukuu nao vivyo hivyo, vizazi na vizazi. Baada ya muda samaki ni B kwa sura, kwa tabia na kwa karibu vinasaba vyake vyote, lakini mitokondria bado ni ya yule bibi wa A. Ukimpima kwa kitambulisho hicho kimoja, atajibu kwa jina la bibi. Schmidt na wenzake walikuta visa vya namna hiyo miongoni mwa barbu wa Kenya, na waliviona tu kwa sababu walisoma vinasaba vya kiini pia. Anayetegemea kipimo kimoja cha mitokondria kuhesabu spishi za mto anaweza kuongeza ambazo hazipo au kufuta zilizopo, na asijue.

Upande wa Congo hali ni hiyo hiyo, pengine zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Ubelgiji waliochunguza Enteromius wa kaskazini mashariki mwa bonde la Congo walieleza kwamba chini ya majina machache kumejificha koo nyingi zisizo na jina. Rwanda na Burundi nako wapo barbu wa vijito na maziwa madogo ya bonde la Akagera, kama mohasicus aliyepewa jina la Ziwa Muhazi mwaka 1914.

Mtu anaweza kuuliza, tena kwa haki: kuna hasara gani wakiitwa wote samaki wadogo? Wanakaangwa sufuria moja.

Nitamjibu kwa kinamasi cha Rwembaita, ndani ya msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda. Huko anaishi Enteromius neumayeri, na Lauren Chapman wa Chuo Kikuu cha McGill amefanya kazi huko kwa miongo. Kinamasi kimejaa mafunjo. Mafunjo hufunika jua, majani yaliyokufa huoza chini, na kuoza huko hula oksijeni ya maji mpaka inabaki kidogo sana. Hatua chache kutoka hapo kuna kijito kinachopita kwenye mawe, chenye hewa ya kutosha. Samaki wa spishi hiyo hiyo wanaishi pande zote mbili. Wale wa kinamasi wana matamvua makubwa zaidi, ili wanyonye oksijeni haba. Lakini kichwa cha samaki urefu wa kidole hakina chumba cha ziada: matamvua yakipanuka, misuli na mifupa ya kulia chakula hubanwa, na watafiti walipowapima wakila waliona wa kinamasi wenye matamvua makubwa wanapata taabu zaidi. Kila mmoja amelipia pumzi yake kwa tonge. Sasa mchukue mtu anayetaka kufufua kinamasi kilichoharibika, akabeba samaki wa kijito na kuwamwaga humo kwa sababu orodha inasema ni wale wale. Jina litakuwa sahihi na samaki huenda wakafa kwa kukosa hewa.

Au tuitazame Chilwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea, mpakani mwa Malawi na Msumbiji. Ni ziwa la kina kifupi, na mvua zikikatika kwa miaka linakauka lote, kama lilivyokauka mwaka 1968 na tena mwaka 1995. Ardhi hupasuka, mitumbwi hukaa juu ya vumbi, wavuvi huhama. Mvua zikirudi, ziwa hujaa, na miongoni mwa samaki wa kwanza kurudi kwa wingi ni paludinosus, yule wa mwiba wa msumeno, matemba ya sokoni. Alikuwa wapi? Kwenye vijito na madimbwi ya vinamasi yaliyozunguka ziwa, wachache waliobaki wakisubiri. Anakomaa upesi, hutaga mayai mengi kwenye majani yaliyofurikwa, na hachagui chakula. Basi ukitaka kulinda uvuvi wa Chilwa, kitu cha kulinda ni kijito na matete yake. Hilo utalijua tu kama unamjua ni nani, na tabia zake ni zipi, na si kwa kusema samaki wadogo.

Kuna na jambo la mabwawa ya kufugia, ambalo naliona linakua bila watu kulitazama. Vifaranga vya perege husafirishwa kwenye mifuko ya plastiki kutoka bonde moja hadi jingine, na ndani ya maji yale huingia barbu wadogo ambao hakuna aliyewaagiza. Bwawa likifurika, wanatoka. Samaki wa upande wa Victoria akishaingia kwenye mto unaoelekea Pwani, atazaa na ndugu zake aliotengana nao tangu kabla ya Bonde la Ufa, na ule ushahidi wa vinasaba unaotusaidia kutofautisha mito utavurugika.

Ukitaka kumtambua wa kijito chako, anza na vitu vinne: jozi ngapi za sharubu, mwiba wa pezi la mgongoni ni laini au una meno, mstari wa ubavuni unafika mkiani au unakatika, madoa yako wapi. Piga picha akiwa hai, ndani ya kioo, kabla rangi haijapotea, maana doa la chungwa la kerstenii hufifia samaki akishakaa kwenye dawa ya kuhifadhia. Halafu andika mto. Andika jina la kijito, na la mto ambao kinauingia. Wataalamu wanaopanga upya ukoo huu leo hufungua chupa zilizojazwa miaka mia iliyopita, na kwenye nyingine karatasi ya ndani imeandikwa “Afrika Mashariki” tu, hakuna zaidi. Samaki yumo, magamba yanahesabika, na hakuna anayeweza kusema ni wa maji gani.